Ni Nani Amejaza Udongo Kisimani?

Andiko la msingi: Mwanzo 26:12–33

 

Jumapili mbili zilizopita niliingia kanisani na Peugeot 504, steshen wagoni nyeupe ya 1982, na tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Mhudumu mmoja wa lango alinisalimia kwa upole sana, kisha akaniuliza kama tumefiwa. Simlaumu. Wengi wetu tunakumbuka gari hiyo ikiwa na jeneza juu ya keria, matawi yamefungwa kwenye boneti, ikielekea Magharibi usiku. Vijana wa sifa wakapiga nayo picha. Na mama mmoja ninayemheshimu alinivuta kando akaniambia, "Pasta, sisi tunakuombea gari mpya na wewe unarudi nyuma?"

Niliahidi nitajibu wote mara moja, kwa Neno. Ndio haya majibu. Lakini nakuonya mapema, si ushuhuda wa gari peke yake, na mahali pengine humu ndani mimi si mtu mzuri.

Gari ni ya baba yangu. Aliinunua 1991 kwa mkopo wa SACCO, ikiwa tayari imetembea sana, akaanza kubeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi. Mtu aliyezaliwa juzi hawezi kujua Peugeot ilikuwa nini katika nchi hii. Ziliunganishwa hapa hapa Mombasa. Ile 504 ilizinduliwa 1968 na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Gari Bora la Mwaka huko Ulaya, lakini heshima yake kwetu haikutoka Ulaya. Ilitoka kwa Safari Rally. Mzee alikuwa mtoto wakati wa ile Safari ya 1963, magari 84 yakaanza na ni 7 tu yaliyofika mwisho, na ya kwanza ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Halafu 504 yenyewe ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile kupe ya V6. Mzee anakutajia hayo kama wewe unavyotaja majina ya mitume.

Kwa hiyo aliponunua yake, alinunua kitu ambacho moyo wake ulikuwa umekitamani tangu utotoni. Viti safu tatu. Injini ya sentimita za ujazo 1971, imelala upande nyuzi 45 kama mtu anayepumzika kwa kiwiko. Alipanda nayo ile barabara ya Mai Mahiu, inapopita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Italia 1942, na pale juu alikuwa anasimama rejeta ipoe. Kaka yangu mkubwa ndiye alikuwa makanga wake wakati wa likizo. Aliamka saa kumi za usiku kuiosha, akapakia magunia kwenye keria. Mimi sikupakia chochote. Mimi nilikuwa "wa masomo", karo yangu ilitoka kwenye hiyo gari, shule ya bweni mpaka chuo kikuu.

Na nikiwa kidato cha pili, siku ya wazazi kutembelea wanafunzi, nilimwomba Baba aegeshe nje ya geti. Wenzangu wazazi wao walikuja na magari ya kung'aa. Yetu ilikuwa na vumbi la Gilgil na kamba kwenye keria. Nilimwambia ndani hakuna nafasi. Nafasi ilikuwepo. Akaegesha nje, akaingia kwa miguu akibeba chakula, na hatukuwahi kuliongelea jambo hilo tena.

Biashara ilipungua. Matatu za viti 14 zikachukua abiria, sheria za 2004 zikaleta gharama zake, na mwishowe 2009 gari ikawekwa chini ya mparachichi nyumbani. Kuku wakalala ndani. Halafu Mzee akaanza kugonga vikombe mezani. Tulipompeleka hospitali tukaambiwa ni glakoma, presha ya macho. Mpendwa, kama una mzazi aliyepita miaka arobaini, mpeleke apimwe, maana ugonjwa huu huiba pembeni polepole, na kile kilichopotea hakirudi. Dawa za matone zinalinda kilichobaki tu. Shika hilo, tutalirudia.

Mwaka jana mnunuzi wa chuma chakavu akaja nyumbani. Kaka akasema tuuze, pesa ziende kliniki. Mimi nina digrii ya biashara, kwa hiyo nilifungua kompyuta nikatengeneza jedwali. Upande huu gharama ya kuifufua, upande ule thamani yake sokoni. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Nikampigia Mzee simu nikamweleza vizuri, kwa heshima zote, nikitaja hata uchakavu wa mali kwa asilimia. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nyinyi ndio mnajua."

Kama umelelewa nyumba ya Kiafrika unajua maana ya maneno hayo. Mlango umefungwa kwa upole.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa natayarisha somo la Jumatano, Mwanzo 26. Fungua Biblia yako. Kuna njaa katika nchi, Isaka anapanda na kuvuna mara mia mwaka ule ule, na sisi wahubiri hapo ndipo tunapopiga kelele sana. Mara mia! Pokea! Lakini teremka mpaka mstari wa 15. Wafilisti walikuwa wamevijaza udongo visima vyote ambavyo watumishi wa Ibrahimu walivichimba. Hebu fikiri hiyo ni biashara gani. Nchi kavu, mifugo ina kiu, na mtu anachukua karai anajaza kisima. Hakunywa yeye, hakumwachia mwingine anywe. Andiko linasema ni wivu.

Sasa angalia Isaka anafanya nini mstari wa 18. Anavifukua vile vile, na anavipa majina yale yale aliyoyatoa baba yake. Kisima kilichojazwa udongo si kisima kilichokauka. Maji yako pale pale chini. Mwanzilishi alishalipa gharama ya kutafuta mahali, kinachobaki ni jasho la kutoa udongo.

Niliposoma hapo nikajiona nimeshika karai. Si Mfilisti, ni mimi, na jedwali langu. Maana nilikuwa nimepima kila kitu katika gari ile isipokuwa kwamba baba yangu alikuwa bado yuko hai na alikuwa na kitu cha kunifundisha, na hakuna mtu alikuwa amemwuliza chochote kwa miaka.

Nikampigia. "Baba, ukinielekeza, hii gari inaweza kuwaka?" Kimya. Halafu akauliza, "Una fila?"

Fila ni zile karatasi nyembamba za chuma za kupimia nafasi. Sikuwa nazo. Nikanunua, na Jumamosi nikafika.

Wacha nieleze kidogo kuhusu kutuni injini ya zamani, kwa sababu pale nilijifunza kuliko semina nyingi nilizolipia. Gari za siku hizi kompyuta inajirekebishia. Ile ya zamani haina wa kuirekebisha ila wewe, na ina utaratibu wake. Unaanza na valvu. Ukimaliza unakwenda kwa moto, yaani pointi, kondensa, plagi na majira ya cheche. Kabureta ni ya mwisho. Ukigeuza utaratibu utazunguka siku nzima. Lakini kila mtu anaanza na kabureta! Kwa nini? Kwa sababu skrubu yake iko nje, inaonekana, inageuka kwa bisibisi moja. Unaigeuza kidogo, injini inabadilisha sauti, unajiona fundi. Mzee anasema magari mengi yaliyoletwa kwake kwa ugonjwa wa kabureta yalikuwa na ugonjwa wa moto. Nakuachia wewe na Roho Mtakatifu mlitafakari hilo, kwa maana hata ndoa tunaanzia kwenye skrubu ya nje.

Tulimwaga petroli iliyooza kwenye tangi. Ilinuka kama rangi. Tukafungua kabureta, jeti zimeziba kwa gundi ya mafuta ya zamani, na Mzee akanikataza kutumia waya. Waya inapanua tundu, na tundu likipanuka gari itakunywa mafuta mpaka mwisho wa maisha yake. Ni kuloweka na kupuliza. Tukabadilisha hosi, betri, maji ya breki, silinda za breki za nyuma. Spea zinapatikana, usiogope, mafundi wa jua kali Nakuru bado wanazo, na wenye pikapu za 504 mashambani bado wanazinunua.

Halafu tapeti. Zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.10 upande wa kuingiza hewa na 0.25 upande wa kutoa moshi. Mimi nilipima kwa macho. Mzee haoni namba tena, akachukua ile fila, akaipitisha, akaivuta taratibu. "Hii imekaza. Sikia." Akanishika kidole akanivutisha. Inatakiwa ivutike kama ukitoa karatasi iliyobanwa katikati ya Biblia, akasema, isikatae na isianguke. Alipima zote nane hivyo. Mkono wake ulikuwa hautetemeki, na ni mkono huo huo unaogonga vikombe.

Tukaja kwa moto. Pointi, nafasi ya milimita 0.4. Nyaya za plagi nilikuwa nimezitoa zote kwa pamoja bila kuweka alama, kosa la mtu wa digrii. Mzee akapapasa kifuniko cha distributa, akaniwekea kidole: "Waya ya silinda ya kwanza inatoka hapa. Halafu moja, tatu, nne, mbili." Rahisi. Nikaunganisha. Nikaingia, nikapiga stata.

Wapendwa, injini ilipiga chafya! Moto ulitoka kupitia kabureta, nikarudi nyuma nikajigonga boneti, kope zangu zikanuka nywele iliyoungua. Mama akatoka jikoni mbio akikemea kwa jina la Yesu. Na Mzee, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu kliniki ya kwanza, alikaa chini kwenye gurudumu la akiba akacheka mpaka akafuta machozi.

Akaniuliza, "Umehesabu kutoka wapi?"

"Mbele, kwa rejeta."

"Hiyo ni ya Wajapani. Mfaransa anahesabu kutoka nyuma, kwa flaiwili. Wa kwanza wake yuko nyuma."

Nikabaki nimesimama na waya mkononi. Bwana wetu alishasema jambo kuhusu wa kwanza na wa mwisho na mimi nimelihubiri mara nyingi kwa sauti kubwa. Nilikuwa nampelekea cheche silinda ya nne wakati ya kwanza ndiyo iliyokuwa imejaa mafuta ikingoja. Moto ulikuwepo na mafuta yalikuwepo. Nilikuwa nimeanza kuhesabu upande usiofaa tu.

Nikabadilisha. Mara ya tatu ikashika. Ilikohoa, ikatoa moshi, kuku wakatawanyika, halafu ikatulia kwenye mngurumo wake mzito. Tukaiacha ipate moto, ndipo sasa tukagusa skrubu za kabureta. Mzee alisimama kando ameinamisha kichwa. "Punguza. Rudisha robo. Hapo." Mimi sikusikia tofauti. Kisha nikaisikia.

Ni hapo, kelele ile ikitusitiri, nilimwambia, "Baba, ile siku ya shule, niliyokwambia uegeshe nje. Nafasi ilikuwepo. Nisamehe."

Hakugeuka. Akasema, "Pale nje kulikuwa na kivuli kizuri."

Ningependa kumalizia hapo, uinue mikono tuimbe. Lakini somo lina mistari mingine, na Isaka alipoendelea kuchimba bondeni akakuta ugomvi. Kisima kimoja akakiita Eseki kwa sababu waligombana. Cha pili akakiita Sitna, uadui.

Hapa ndipo ninapoomba unisikilize kwa rehema. Katika familia tulikuwa tumegawana majukumu ya Mzee. Kaka analipa chakula na mtu wa shamba. Mimi nilikuwa nalipa kliniki ya macho na matone. Mwezi ule gari ilihitaji tairi nne, na nilikuwa nimeishaonja utamu. Nikasema moyoni, nitanunua tairi sasa, kliniki nitalipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na mambo yake. Mzee hakusema dawa imeisha, yeye si mtu wa kusema. Alipitisha wiki sita bila matone. Kaka ndiye aliyegundua, alipomkuta anafinya chupa tupu.

Alinipigia simu. Hakupaza sauti. Alisema, "Wewe gari ulikuwa unaionea aibu nikiiosha mimi. Leo unaipenda, na mzee anakuwa kipofu."

Sikuwa na andiko la kumjibu. Alikuwa sahihi kila neno. Nilifukua kisima cha baba yangu na nikamwacha baba yangu na kiu. Daktari alipopima akasema jicho la kushoto limepoteza kidogo zaidi, na huwezi kusema kwa hakika ni zile wiki sita au ni ugonjwa wenyewe. Mimi sijaribu kusema. Nililipa deni lote, nikaweka matone kwenye malipo ya kila mwezi kabla ya kitu kingine chochote, kabla hata ya zaka ya maonyesho, ile tunayotoa ili tuonekane. Sijui kama ninaruhusiwa kuandika hivyo katika jarida la kanisa. Mchungaji Kiongozi amesoma akaacha.

Kuna jambo katika sura hii sikuwahi kuliona kabla ya kaka kuacha kupokea simu zangu. Mstari wa 26 Abimeleki anakuja kwa Isaka, mtu yule yule aliyemfukuza. Isaka anamwuliza waziwazi, mbona mmekuja kwangu na nyinyi mlinichukia? Hafichi. Halafu anawaandalia karamu, wanakula na kunywa. Kesho yake alfajiri wanaapiana na wageni wanaondoka kwa amani. Ni siku hiyo hiyo watumishi wanakuja na habari kwamba wamepata maji. Chakula kilitangulia. Sisi tunataka maji yaonekane kwanza ndipo tupike.

Katika sura ile mimi ni Abimeleki, si Isaka. Ni mimi niliyekosea na ni mimi niliyepaswa kufunga safari. Nilikwenda kwa kaka mara mbili. Mara ya kwanza mke wake aliniambia hayupo, na viatu vyake vilikuwa mlangoni. Nikaacha unga na sukari, nikarudi. Mara ya pili alitoka, tukasimama uani, nikamwambia nilikosea na sikuja kujitetea. Akasema amesikia. Basi. Labda na wewe una mtu wa namna hiyo, amesikia, na hajasema neno lingine. Usimpigie kila siku kumwuliza kama ameshakusamehe. Hiyo nayo ni kumdai.

Kwa hiyo, mama yangu uliyeuliza kama narudi nyuma: gari hii sasa kazi yake ya kwanza ni kliniki. Kila tarehe ya Mzee ninaiwasha, anakaa mbele, Mama anakaa safu ya katikati na kikapu chake kinakaa safu ya tatu peke yake kama abiria aliyelipa. Inakunywa mafuta kuliko Vitz, sikufichi. Usiniige kwa sababu za kiuchumi. Na kama kwenu kuna gari imelala chini ya mti na hakuna mzazi wala kumbukumbu ndani yake, iuze tu, Mungu hajali. Isaka naye alichimba visima vipya vile vile, na kile walichokiacha bila kukigombania, Rehobothi, hakikuwa cha baba yake.

Jumatano iliyopita tulirudi kutoka kliniki, presha ya macho imeshuka, haleluya, na tukamkuta kaka amesimama kwa geti la nyumbani. Hakuwa ameniambia anakuja. Sikuzima injini, sijui kwa nini, labda niliogopa kimya. Alimsaidia Mzee kushuka. Halafu akasimama mbele ya boneti, mikono mfukoni, amesikiliza vile vile Mzee anavyosikiliza, kichwa upande.

"Tapeti ya huku nyuma inalia," akasema. "Ni nani aliipima?"

Nikasema ni mimi, wiki iliyopita, nilikuwa na haraka.

"Ikiwa moto ama baridi?"

"Ilikuwa imetoka safari."

"Moto." Akatikisa kichwa. Akaingiza mkono dirishani, akazima injini yeye mwenyewe, akafungua boneti, akavua koti akalining'iniza kwenye kioo cha pembeni. "Haiguswi sasa. Wacha ipoe kwanza. Mama, kuna chai?"

Mzee alikuwa ameshakaa chini ya mparachichi. Tukaleta viti, tukakaa naye, tukangoja ipoe.